Kidude Changu Kiliharibu Kahawa, Nikamwacha Shemeji Abebe Lawama

Nimekosa. Nianze hivyo kabla sijaanza kujizungusha, maana najijua, nikipewa nafasi ya kujieleza huwa natafuta mlango wa kutokea.

Wewe unayesoma hunijui, na majina ya watu wangu nimeyabadili. Lakini nakuomba unisikilize kama rafiki aliyeketi hapa na mimi. Mimi mwenyewe siketi. Naandika nimesimama mlangoni kwa mama, Iyula, simu mkononi, na kila mistari miwili nachungulia juu kuangalia mawingu. Siku hizi ndivyo nilivyo. Kiti kinanichoma.

Mke wa kaka yangu aliondoka kwenye nyumba yake kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema mimi. Sentensi ya uongo! Na niliisema nikijua.

Mimi ni fundi. Nilikuwa na kibanda Chapwa, pale Tunduma, natengeneza simu, redio, chaja na taa za malori. Malori yanakaa foleni ya kuvuka mpaka siku mbili, tatu, kwa hiyo kazi hazikosekani. Meza ya pili ilikuwa ya Mzambia mmoja wa Nakonde, tumwite Ba Chanda, mtu mzima, mpole, anayejua mambo ya umeme mdogo kuliko fundi yeyote niliyewahi kukaa naye.

Nyumbani kwetu ni huku Iyula, kwenye kahawa na mahindi. Baba alishafariki. Mama alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembea kwa fimbo, tena kwa shida. Kaka ni dereva wa lori, akivuka kwenda Kongo anapotea mwezi mzima. Kwa hiyo nyumbani walibaki mama, mke wa kaka ambaye tunamwita Mama Atu, na binti yao mdogo.

Kama hujawahi kuishi na kahawa, nikueleze kidogo. Ikishamenywa na kuoshwa inaanikwa kwenye vichanja. Jua la saa sita likiichoma sana, ganda linapasuka. Ikinyeshewa, inaota ukungu na kunuka. Kwa hiyo saa sita unafunika, alasiri unafunua, jioni unafunika tena, kila siku, wiki mbili na zaidi. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Alipovunjika ikamwangukia Mama Atu, juu ya kupika, kuchota maji, kulima, na kumwogesha mama mwenyewe.

Siku moja akanipigia. "Shemeji, wewe si fundi? Hebu nitengenezee hata kamba ya kuvuta. Nikiwa jikoni nivute, turubai lijifunike."

Kamba! Jamani, aliomba kamba tu!

Mimi nikasema kamba ni mambo ya kizamani, subiri uone. Nikatafuta mota ndogo ya kupandisha kioo cha gari, pale Tunduma zimejaa kwenye vyuma chakavu. Nikapata bomba la plastiki la kuviringishia turubai jepesi, betri ya pikipiki na sola ndogo. Kazi yenyewe haikuwa nzito, mota ilikuwa inavuta turubai tu. Kilichobaki ni kile cha kuiamuru mota.

Nilikuwa na vidude viwili mezani. Vyote ni vile vya kompyuta ndogo yenye waifai ndani: unakiandikia maelekezo, unakiunganisha na mota, kisha unakiamuru kwa simu. Kinatoa mtandao wake chenyewe, hata bando huhitaji. Kimoja kilikuwa kirefu kama kidole, kina miguu ya waya zaidi ya thelathini. Kingine kilikuwa kidogo sana, kina miguu minane tu, ukikiangusha chini unakitafuta kwa kupapasa.

Sasa kwenye kundi letu la mafundi la kwenye simu kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa ananiita "fundi chaja". Kila nikiweka kazi yangu anacheka. Wiki hiyo alikuwa ameweka picha ya mtambo wake wa kufungulia geti, umekaa kwenye boksi la ukubwa wa redio, na watu wanamsifia. Damu ikanichemka. Nikaapa nitamziba mdomo. Nitaendesha mota kwa kitu kinachoingia ndani ya kiberiti!

Huo ndio ukweli wa uchaguzi wangu. Sikufikiria kahawa. Sikufikiria mama. Nilifikiria kiberiti.

Ba Chanda aliniona nalehemu kile kidogo, akaacha kazi yake. "Awe, mune," akasema, yaani hapana rafiki yangu. "Hiki usikiweke kwenye mota. Hiki ni cha kuwasha taa. Kinapoamka, miguu yake inashtuka kabla hakijasoma ulichokiandikia. Taa ikishtuka hakuna neno. Mota ikishtuka, kitu kimeshasogea."

"Kitaamka mara moja tu, Ba Chanda. Kikishawaka kimewaka."

"Betri ikilegea je? Kitazima, kitaamka, kitazima, kitaamka. Chukua hiki kikubwa, kina miguu iliyotulia. Au weka swichi ya kukata umeme wa mota. Mtu akishafunga turubai, anakata, anakwenda zake."

"Swichi haiingii kwenye kiberiti."

Akanitazama. "Kwani kahawa ya mama inaanikwa kwenye kiberiti?"

Nikacheka. Na yeye akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Hakunibishia tena, maana si mtu wa kubishana.

Na nilikiona mwenyewe, msije mkadhani sikuona! Pale mezani kila nilipounganisha betri mota iligutuka kidogo, upande wa kufungua. Nikaona. Nikajisemea hiyo ni ndogo, nani atajua.

Nikaja Iyula nikafunga mtambo, kile kidude kidogo kikiwa ndani ya kiberiti. Mama Atu alikuwa na kitochi tu, na kitochi hakiwezi kazi hii, kwa hiyo nikampa simu yangu ya zamani ya kioo. Majirani wakajaa uani. Mama aliwekewa kiti barazani. Mama Atu akabonyeza, bomba likazunguka, turubai likatembea juu ya kahawa mpaka mwisho likasimama. Vigelegele! Mama akalia. Akasema, "Mwanangu amenipa miguu."

Nikachukua video, kiberiti kikionekana vizuri mbele. Yule wa "fundi chaja" akaandika, "Umeua, mwanangu." Nililala na furaha ya kijinga siku hiyo.

Kabla sijaondoka Mama Atu aliniuliza, "Shemeji, ikigoma nifanyeje?"

"Hii haigomi."

"Basi mimi nitakuwa napita pita kuangalia tu."

"Sasa ukiwa unaangalia kila saa, nimekutengenezea ya nini? Au unanidharau?" Nilisema kwa utani mbele za watu, wakacheka, naye akacheka. Lakini aliacha kuangalia. Aliacha kwa sababu yangu.

Ngoja nichungulie nje. Kuna wingu limekaa vibaya upande wa mlimani.

Bado. Naendelea.

Zikapita kama wiki mbili. Akanipigia asubuhi moja. "Shemeji, leo kuna wingu tangu kucha. Nimeona turubai limejisogeza lenyewe, kama upana wa kiganja hivi."

"Ni upepo huo."

"Upepo haukuwepo, shemeji."

"Basi bado ni kipya, kinajizoesha."

Kinajizoesha! Nilimwambia mtu mzima kwamba mota inajizoesha! Nilikuwa na mteja mbele yangu, nikakata simu. Ningemwambia tu, "Chomoa waya wa betri ukishafunga," kila kitu kingekuwa sawa. Maneno matano.

Ikaja Jumapili. Siku mbili nyuma hakukuwa na jua la maana, sola haikujaza betri. Mama Atu akafunga turubai, akaenda kanisani, yeye ni mwanakwaya. Baada ya ibada kwaya ikapitia nyumba yenye msiba kuimba. Mvua ikanyesha, mvua isiyo ya msimu, saa mbili nzima.

Mama alikuwa ndani. Aliisikia kwenye bati, lakini hakuwa na wasiwasi, si mashine ipo? Hata kama angekuwa na wasiwasi, kwa nyonga ile angefika wapi?

Mama Atu aliporudi alikuta turubai liko upande, limejikunja lote, na kahawa inaelea. Kahawa ya msimu mzima, iliyobakiza siku chache iende kwenye chama cha ushirika. Walijaribu kuianika upya, ikaota ukungu, ikanuka. Ilipopelekwa chama cha ushirika ikakataliwa kwenye mizani.

Mama ni mkali, hilo sitalificha. Akasema Mama Atu hakufunga. Akasema tangu apewe ile simu ya kioo hana akili ya nyumba, yuko nayo sikioni, anacheka nayo. Jirani mmoja naye akaongeza yake, kwamba alimwona amesimama pembeni ya kanisa na simu. Maneno hayo yakamfikia kaka huko njiani, na unajua maneno yakisafiri yanavyonenepa. Alipopokea yeye, hayakuwa tena ya kahawa. Yalikuwa ya mwanamke mwenye simu ya kioo ambaye mume wake hayupo.

Kaka akasema anakuja, kikao kikae Alhamisi.

Mimi nilitangulia Jumatano. Mama Atu alikuwa shambani, mama amelala. Nilikwenda peke yangu kwenye vichanja. Betri ilikuwa imeisha kabisa, nikaunganisha ya kwangu niliyokuja nayo, iliyochoka kidogo.

Mota ikagutuka. Upande wa kufungua. Kidude kikazima, kikaamka, mota ikagutuka tena. Tena. Tena! Kila ikigutuka inakula umeme, kidude kinakosa nguvu kinazima, kikiamka kinaigutua tena. Nilisimama pale nikiangalia turubai linafunguka mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, hakuna mtu aliyebonyeza chochote.

Nilichomoa betri. Nikakata waya za kiberiti, nikakitia mfuko wa shati. Halafu nikatazama nyuma kuona kama kuna mtu. Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani.

Kikao kilikaa sebuleni kwa mama. Baba mkubwa ndiye aliyeongoza. Alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, mama, kaka, Mama Atu na mimi.

"Mama Atu," baba mkubwa alisema, "tueleze. Ulifunga au hukufunga?"

"Nilifunga, baba. Nilibonyeza, nikasimama mpaka turubai likafika mwisho, ndipo nikaondoka."

"Ulikuwa na simu sikioni," mama akadakia. "Nilikuona dirishani unacheka."

"Nilikuwa naongea na mwanakwaya mwenzangu, mama. Habari za sare."

"Sare!" kaka akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu afike. "Mimi nalala kwenye usukani mwezi mzima, wewe unachekea simu mpaka kahawa ya mama yangu inaoza?"

Baba mkubwa akamtuliza kwa mkono. Akanigeukia. "Sisi wengine hatujui mambo haya. Fundi ni wewe. Mashine hii inaweza kujifungua yenyewe?"

Watu wote wakanitazama. Mama alikuwa ananitazama kwa yale macho ya siku ya vigelegele. Nikaona video yangu, nikaona wale mafundi, nikamwona yule jamaa akiandika "fundi chaja" kwa herufi kubwa. Nikaona watu wa Iyula wakinicheka njia nzima. Mkono wangu ulikuwa umeshika mfuko wa shati.

"Haiwezi, baba," nikasema. "Haifunguki mpaka mtu aibonyeze."

Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo sentensi.

Mama Atu akageuka taratibu. "Shemeji, si nilikupigia? Ile siku ya wingu? Nikakwambia limejisogeza?"

"Sikumbuki, shemeji."

Hakulia. Heri angelia, ningeweza hata kumkasirikia. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa ile simu, akaiweka mezani mbele yangu. "Chukua simu yako, shemeji. Asante."

Kaka alimfuata barazani akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto alikuwepo, anasikia. Kesho yake asubuhi Mama Atu akachukua binti yake na begi moja, akarudi kwao Mbangala. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilielekeza macho yangu kwenye vichanja nikijifanya nahesabu mbao.

Nikarudi Chapwa. Sasa hapo ndipo ilipoanza hii hali ya kutokukaa. Nalehemu waya nainuka. Nafungua simu ya mteja, naiacha wazi, natembea mpaka mpakani, nawaangalia watu wanaovuka, narudi. Nimevunja vioo viwili vya wateja. Nikiona mtu amevaa kitenge cha rangi kama kile cha Mama Atu, nageuza njia. Kiberiti nilikiweka kwenye droo, nikakihamishia kwenye begi, nikakirudisha kwenye droo. Kukitupa nilishindwa.

Ba Chanda akaniuliza siku moja, bila ubaya wowote, "Mune, ile mota ya mama inaendeleaje?"

Nilimfokea. Mtu mzima kama yule, nilimfokea kwamba aangalie kazi zake! Yeye akasema kwa upole, "Basi imeshtuka," akaendelea na kazi. Wiki iliyofuata alihamia meza nyingine. Namkumbuka kila siku.

Mvua za mahindi zilipoanza nilishindwa kabisa. Nikasafiri mpaka Mbangala. Huko ni joto, si kama kwetu, nilifika nimelowa jasho. Baba yake alinipokea kwa heshima, akaniita baba, akanipa kigoda na maji. Heshima ile iliniumiza kuliko kama angenifukuza. Akanielekeza shambani.

Mama Atu alikuwa anapalilia. Aliniona, akanisalimia vizuri, akaendelea na jembe.

"Shemeji," nikasema, "siku ile ya kikao mimi nilikuwa najua."

"Najua kwamba ulikuwa unajua."

"Ulijuaje?"

"Mkono wako haukutoka kwenye mfuko wa shati kikao kizima."

Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yananitoka ovyo, kiberiti, mafundi, aibu. Akasimamisha jembe, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi sikutaka hata unitetee," akasema. "Ungesema tu labda. 'Sijui, baba, labda inaweza.' Labda moja tu ingenitosha, ningelala kwangu."

Jamani! Labda moja!

Nikamwambia nitawaeleza wote, mmoja mmoja. Akakataa kwa kichwa. "Usimnong'oneze mtu. Kaseme palepale uliposemea, wakiwepo walewale. Kama huwezi, usijisumbue."

Nikaondoka nimeazimia. Lakini woga ni kitu kibaya sana. Mara ya kwanza nilitoka Tunduma nikaishia Vwawa, nikashuka, nikanunua vocha nisiyoihitaji, nikarudi. Mara ya pili nilifika karibu zaidi, nikajidanganya kwamba kaka bado yuko safarini. Alikuwa hayuko safarini. Mara ya tatu nilimpigia baba mkubwa kabla ya kutoka, nikamwomba aitishe kikao, ili nisiwe na pa kukimbilia.

Walikaa walewale. Kiti alichokalia Mama Atu kilikuwa wazi. Nikatoa kiberiti, nikaunganisha betri iliyochoka na mota ndogo niliyokuja nayo, nikaiweka mezani. Ikagutuka. Ikazima. Ikagutuka. Tuliisikiliza ikigutuka juu ya kitambaa cha mama cha kufuma.

"Zima," mama akasema.

Nikazima.

"Siku ile nilipokuwa nimekaa hapa nakuangalia, ulikuwa umeshaiona hivi?"

"Niliiona, mama. Jumatano."

"Na mimi nikamwita mwanamke wa watu mwongo."

"Ndiyo, mama."

Kaka alitoka nje. Nilimfuata, nikadhani atanipiga, na ningeshukuru. Alikuwa amesimama kwenye vichanja vitupu. Akasema bila kunigeukia, "Maneno niliyomwambia pale barazani, unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Haya. Nani atayatoa kichwani mwa mwanangu?"

 

Mama akataka apelekwe Mbangala mwenyewe. Kwa nyonga ile! Tulikodi gari, akaenda akilia kwa maumivu kila penye shimo. Mama Atu alimpokea kwa magoti, akamwandalia maji ya kuosha miguu, akampikia, akamkandakanda nyonga kama zamani. Mama akamwomba msamaha mbele ya wazazi wake, na akasamehewa, kweli kweli, wakakumbatiana.

Lakini hakurudi.

"Mama, ukiugua nitakuja kukuuguza, uniite tu," alisema. "Ila kwenye nyumba ile sirudi kuishi. Nikirudi, siku nikiunguza chungu mtaitisha kikao."

Kaka akipumzika anakwenda kumwona mtoto, anarudi peke yake. Hatuongei sana, mimi na yeye. Ananisalimia, basi. Kile kibanda cha Chapwa nimekifunga, maana mama hana mtu. Msimu wa kahawa umeingia tena na mimi ndiye mota sasa. Saa sita nafunika kwa mikono, alasiri nafunua, jioni nafunika.

Na kila nikifunika, mama ananiuliza kutoka barazani kama nimefunika. Namjibu nimefunika. Halafu namsikia anavuta fimbo yake. Anashuka ngazi moja moja, anapumzika katikati ya uwanja, anakuja mpaka kwenye kichanja, analigusa turubai kwa mkono wake, ndipo anarudi. Hanisemi, hanitukani. Anakwenda tu kuangalia mwenyewe. Jamani, ni mama yangu huyo!

Kwa hiyo nakuambia wewe kijana fundi, unayetafuta kidude cha waifai cha kuendeshea mota yako. Usikichague kwa udogo wake, wala kwa sababu kitapendeza kwenye video. Kiunganishe na mota, kizime na kukiwasha mara hamsini, kwa betri nzuri na kwa betri iliyochoka, na utazame mota inafanya nini kinapoamka. Weka swichi ya kukata. Mtu akikwambia kimejisogeza, mwamini yeye kwanza kabla hujakiamini kidude.

Na wewe ambaye si fundi, ukiulizwa mbele za watu na jibu unalo, litoe hapohapo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama watakucheka njia nzima. Mimi nililitoa baadaye, kamili, na ushahidi juu ya meza. Aliyekuwa analihitaji alikuwa keshahama.